Miaka minne kwenye kiti cha wachache

Watu wa nyumbani wakisikia kwamba niliwahi kuwa mwakilishi kwenye baraza la kutunga sheria huku Marekani, swali la kwanza huwa gari. Mjomba wangu wa Muheza alinipigia simu kwa sauti ya mtu anayejiandaa kuomba kitu. "Eh, mheshimiwa, shangingi wamekupa la rangi gani?" Nikamwambia naendesha Corolla ya mwaka 2009, kioo cha pembeni kimeshikwa na selotepu. Akauliza mshahara. Nikamwambia dola 100 kwa mwaka. Simu ikakatika, na mpaka leo sijui ulikuwa mtandao au alikata mwenyewe.

Lakini ndivyo ilivyo. Jimbo la New Hampshire liliuandika mshahara huo kwenye katiba yake mwaka 1889 na halijaugusa tena: dola 200 kwa muhula wa miaka miwili, pamoja na hela ya mafuta. Zamu moja ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ilinilipa zaidi ya mwaka mzima wa uheshimiwa. Na waheshimiwa wenyewe tulikuwa 400, kwa jimbo lenye watu kama milioni 1.4. Seneti ina watu 24 tu. Mwakilishi wa kawaida hana ofisi, hana katibu, hana dereva. Ana kiti chenye namba na vitufe vya kupigia kura, kijani na chekundu.

Nilikaa pale mihula miwili, Desemba 2020 hadi Desemba 2024. Yote miwili nilikuwa chama cha Democratic, na yote miwili Republican ndio waliokuwa wengi. Kuna binti mmoja hapa Nashua anataka kuchukua fomu, na kila tukikutana kanisani ananibana kwa swali lilelile: "Dada, kama upande wenu unashindwa kila siku, mlikuwa mnafanya nini huko?" Nimemjibu vipande vipande kwenye maegesho ya magari. Hapa namjibu kwa urefu.

Kuingia ni rahisi kuliko unavyodhani. Nilikwenda kwa karani wa mji mwezi Juni 2020, nikajaza karatasi, nikalipa ada ya dola 2. Dola mbili! Nilisubiri wanitajie ada nyingine ya pili, hakuna. Kata yetu ilikuwa na viti vitatu na chama kilikuwa kinatafuta mtu wa tatu, ndipo mama mmoja niliyekuwa namhudumia baba yake akanitaja. Ilinibidi tu niwe raia, niwe nimeishi jimboni miaka miwili, na niwe nakaa kwenye kata hiyo. Uraia nilikuwa nao tayari, na wenzangu Watanzania mnajua bei yake: pasipoti ya nyumbani inarudi ubalozini, maana sheria yetu haituruhusu kushika mbili. Hilo liliniuma zaidi ya kampeni yote.

Kampeni ilikuwa kubisha hodi. Huku hakuna neno hodi. Unabonyeza kengele, unarudi nyuma hatua tatu, barakoa usoni, unamwonyesha mtu kipeperushi kupitia kioo. Nilibonyeza kengele za kata nzima mara mbili, mara nyingi nikitoka zamuni moja kwa moja, na viatu vile vyeupe.

Tuliapishwa nje, uwanjani, kwenye chuo kikuu cha jimbo kule Durham, tarehe 2 Desemba, kwa sababu ya korona. Baridi ile sitaieleza. Wiki moja baadaye Spika tuliyemchagua siku hiyo, Dick Hinch, alifariki kwa ugonjwa huohuo. Kikao kilichofuata, Januari 6, 2021, nilihudhuria nikiwa ndani ya Corolla yangu: mamia ya magari yamepangwa kwenye maegesho ya chuo kama siku ya mnada, na sisi ndani tunasikiliza shughuli kwa redio ya gari. Nilikuwa na chupa ya chai na vitumbua vitano. Nikajiambia, kama haya ndiyo mabunge ya Marekani, basi nimeyaweza.

Sikuwa nimeyaweza. Nilikuwa sijajua kwamba uchache ni ufundi wake.

Kwanza niwaeleze kitu ambacho mwakilishi wa wachache kwenye majimbo mengine ya Marekani angekionea wivu. Concord, makao makuu yetu, kila muswada unasikilizwa. Kila mmoja. Mwenyekiti wa kamati hawezi kuufungia kwenye droo kwa sababu umeletwa na mtu wa upande wa pili, jambo ambalo sehemu nyingine ni la kawaida kabisa. Utapewa tarehe, mwananchi yeyote atajaza kadi ya pinki na kuongea, kamati itapiga kura, na muswada utakwenda ukumbini ukiwa na pendekezo lake: unafaa kupitishwa, au haufai. Na wanasheria wa Baraza wanakuandikia muswada wako bila malipo, kwa siri, kwa uangalifu uleule wanaompa kiongozi wa wengi. Kwa hiyo mtu wa wachache pale hawezi kusema alinyimwa mlango. Anapewa mlango. Shida ni kwamba ukishaingia, wenye chumba wanakutazama, wanakushukuru kwa kuja, na wanapiga kura.

Muswada wangu wa kwanza ulitokana na jirani. Nitamwita Mama Furaha, na mengine yake nimeyabadilisha kidogo. Ni mtu wa Uvira, alikaa miaka 12 kambi ya Nyarugusu, kwa hiyo Kiswahili chake kimechanganya maji ya Tanganyika pande zote mbili. Alisoma kozi ya uhudumu wa wagonjwa, akafaulu mtihani, akaomba leseni. Fomu ikarudi. Akaomba tena, ikarudi. Karatasi za ukimbizi zilikuwa zimeanza na jina la baba yake kama jina la kwanza. Cheti cha kozi kilianza na lake. Kadi nyingine ilikuwa imelikata la katikati. Na tarehe ya kuzaliwa ilikuwa Januari mosi, kama ya mumewe, kama ya shemeji yake, kama ya nusu ya watu waliosajiliwa kambini ambao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ofisi yenyewe siitaji, maana waliokuwa dirishani walikuwa wanafuata karatasi waliyopewa. Miezi minane Mama Furaha alikuwa anafungasha maboksi ghalani, huku sisi kwenye nyumba ya wazee tunahangaika watu watatu kwa korido ya watu sita.

Nikaomba muswada: majina yakitofautiana kati ya nyaraka, hati ya kiapo ikubaliwe. Ukasikilizwa mwanzoni mwa mwaka 2022. Na hapo nilifanya kila kosa linalowezekana. Nilileta watu 12, kila mmoja akaeleza machungu yake, saa moja na nusu. Mimi ndiye niliyefungua, na sentensi yangu ya kwanza ilisema kwamba sheria iliyopo ni ya kibaguzi. Mbele yangu alikuwa amekaa mzee aliyeshiriki kuiandika sheria hiyo. Nilimwona akiweka kalamu chini. Hakuichukua tena.

Kamati ikapendekeza haufai. Kamati ikigawanyika, wengi wanaandika maelezo yao na wachache wanaandika yao, na yote mawili yanachapishwa kwenye kalenda ya Baraza ili wajumbe 400 wasome kabla ya kikao. Nikapewa kazi ya kuandika ya wachache. Nikaandika kurasa mbili. Zikarudi: aya moja, mheshimiwa. Mama mmoja wa upande wetu, aliyekuwa ameshakaa pale mihula sita, akanishika mkono kwenye kantini ya chini ya jengo. "Hii aya hawasomi wa kwetu. Wa kwetu watabonyeza tu. Andika jambo moja ambalo mtu wa upande wa pili anaweza kumwambia mkewe jioni bila kuona aibu." Niliiandika upya mara nne na bado iliendelea kuhubiri. Ufundi huo nilikuja kuupata muhula wa pili, na naamini aya zile za wachache ndizo kazi niliyoifanya vizuri kuliko hotuba zote.

Siku ya kura nikasema dakika nane. Kuna desturi pale ambayo hunichekesha hadi leo: mjadala ukishafungwa, kila upande unapewa mtu mmoja wa kusema la mwisho, lakini lazima aliseme kama swali la utaratibu. Basi anasimama: "Mheshimiwa Spika, kama ninajua kwamba muswada huu utawasaidia wagonjwa wetu, na kama ninaamini kwamba haugharimu chochote, je, nibonyeze kitufe chekundu kukataa pendekezo la kamati?" Ni hotuba iliyovaa kanzu ya swali. Mwenzangu akaiuliza vizuri sana. Tukashindwa kwa kura zaidi ya 30, na watatu wa kwetu wakabonyeza pamoja nao.

Nilikuwa nakusanya karatasi zangu kwenye kiti, macho yamejaa, mzee mmoja wa Republican akaja akasimama kwenye njia ya katikati. Ni mtu wa kaskazini kabisa, Kaunti ya Coös, karibu na mpaka wa Kanada, shati la drafti na tai. Alikuwa amepiga kura ya kuniua.

"Hiyo fomu unayo?" akaniuliza.

Watu 12, saa moja na nusu, dakika nane zangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaonyesha fomu. Ilikuwa kwenye mkoba wangu, imekunjwa mara nne. Akavaa miwani, akaiweka juu ya kiti cha jirani, akaanza kuipitia kwa kidole. Alipofika kwenye jina la kwanza akacheka peke yake. Kwao kaskazini watu wengi ni wa asili ya Kifaransa cha Kanada, na zamani kanisani kila mtoto wa kike alibatizwa Marie kwanza, wa kiume Joseph, kisha jina la kuitwa likafuata. Mama yake alikuwa Marie kwenye karatasi ya ubatizo na hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Alipozeeka, karatasi zake za pensheni ziligoma. "Nilizunguka nazo majira mazima ya baridi," akasema. Akaomba abaki na fomu.

Mwezi uleule wa Machi 2022 kiongozi wetu wa wachache, Renny Cushing, alifariki. Saratani. Huyu baba yake aliuawa kwa bunduki mlangoni kwake mwaka 1988, naye akatumia maisha yake kupinga adhabu ya kifo. Nilipokuwa nimekata tamaa nilikaa nikapitia historia ya jambo lake. Mwaka 2000 mabaraza yote mawili yalipitisha kuifuta, gavana, tena wa Democratic, akaweka turufu, yaani kura ya kuuzuia muswada usiwe sheria. Mwaka 2018, Republican wakiwa wengi, yakapitisha tena. Gavana wa Republican akaweka turufu, na kura za kuivunja hazikutosha. Mwaka 2019 wakarudi. Kuivunja turufu ile kwenye Baraza kulihitaji theluthi mbili ya waliopiga kura, yaani 247. Zikapatikana 247 kamili, dhidi ya 123. Ingepungua moja tu, ingekuwa kazi bure. Na zile 247 hazikuwa za chama kimoja. Nilikuwa naujua mwisho wa kisa hicho; nilichokuwa sikijui ni miaka ya katikati, mtu anavyorudi na karatasi ileile mbele ya watu walewale waliomkatalia, akiwasalimia kwa majina.

Nikagombea tena.

Uchaguzi wa Novemba 2022 ulileta hesabu ambayo nadhani haitanitokea tena: Republican 201, sisi 198, na kiti kimoja kule Rochester walifungana kura sawa kabisa. Februari uchaguzi ukarudiwa, tukakipata. 201 kwa 199. Spika Sherman Packard akagawa kamati nyingi nusu kwa nusu, kumi huku, kumi kule. Ghafla uchache ukawa ni wa watu wawili, na kwenye baraza la watu 400 wasiolipwa, wengi wao wastaafu, wengine wana maduka, wengine wana watoto, watu wawili ni mafua tu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba. Marehemu baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alikuwa na kaunta buku lake. Kukiwa na msiba mtaani, akirudi jioni anakaa kibarazani na kuandika nani hakuja. Waliokuja hakuwaandika. Kesho yake asubuhi anazipitia nyumba zile: mzee fulani, kulikoni, mwili unasemaje? Hakuwa anawasuta. Alikuwa anajua mtaa kwa mapengo yake. Nami nikanunua kaunta buku. Kila siku ya kikao niliandika nani hayupo, wa kwao na wa kwetu, na sababu nikiipata. Baada ya miezi mitatu nilijua nani huondoka saa tisa kuwahi watoto, nani ana kliniki ya figo kila Alhamisi, nani akiona theluji haji. Mnadhimu wetu, mwenye kazi ya kuhakikisha watu wa chama wapo kupiga kura, alikuwa na orodha rasmi, lakini alianza kunipitia kwenye kantini. "Mama, leo vipi?" Mama! Alijifunza kwangu, maana nilimwambia jina langu la kwanza kwetu halitupwi hovyo.

Theluji ilikuwa na upande. Wawakilishi wengi wa kaskazini ni Republican, na wana saa mbili na zaidi barabarani. Tukiamka na theluji Coös, kambi yetu ilichangamka, Mungu atusamehe.

Nami nilipata fundisho langu. Mimi naishi kusini, Nashua, kilomita kama 56 hadi Concord, barabara ya Everett halafu I-93. Nilikuwa natoka zamuni saa moja asubuhi, naoga, naendesha, saa tatu nipo kitini. Mwili si mashine. Siku moja mapumziko ya mchana nilikwenda kujinyoosha garini, dakika kumi tu, nikaweka na kengele kwenye simu. Nilipofungua macho ilikuwa saa nane na dakika arobaini, kioo kimejaa ukungu wa pumzi yangu. Hoja yetu ilikuwa imeshaanguka. Kwa kura moja. Mnadhimu hakunigombeza. Alinionyesha simu yake: alikuwa amenitumia ujumbe mara saba. Ni bora angenigombeza. Wiki hiyohiyo nikabadilishana zamu na mwenzangu Mghana, yeye akachukua usiku wa kuamkia vikao, mimi nikachukua Jumamosi na Jumapili zake zote. Kwa mwaka mmoja na nusu sikuonekana kwenye harusi, na wengine walininunia. Binti, hili lisikilize vizuri: kabla hujatafuta kura, tafuta mtu wa kubadilishana naye zamu.

Sasa muswada. Yule mzee wa kaskazini alirudi akiwa bado ana fomu yangu, ameibandika kwenye jalada. Tukaandika upya, na kwenye orodha ya wanaouleta muswada jina lake likawa la kwanza, langu la tatu. Neno "mkimbizi" likatoka. Neno "mhamiaji" likatoka. Likabaki "mwombaji yeyote ambaye nyaraka zake zinatofautiana." Ndani ya chama changu walikuwepo walionilaumu, na hawakuwa wajinga: unampa mtu wa Republican ushindi wa kwenda kujisifia mwaka wa uchaguzi, wakati yeye ndiye aliyetuua mwaka jana. Sikuwa na jibu zuri. Nilisema tu kwamba nimeshajaribu njia ile nyingine.

Jibu gumu zaidi lilikuwa la Mama Furaha. Nilimsomea rasimu jikoni kwake, nikimtafsiria mstari kwa mstari, sufuria ya sombe inachemka nyuma yetu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa sisi njo tuko wapi humu ndani, mama?"

"Mmo kwenye neno 'yeyote'."

Akafunua sufuria, akakoroga. "Yeyote," akasema, kama mtu anayeonja chumvi.

Kamati haikuukataa wala haikuupitisha. Iliuweka kiporo. Ndiyo desturi: mwaka wa kwanza wa muhula, muswada unaohitaji kazi unaweza kubaki kwenye kamati hadi mwaka wa pili, na wajumbe wachache wanaushughulikia majira ya joto. Wengi hudhani kiporo ni kifo cha adabu. Kwa mtu wa wachache nadhani ni zawadi, maana Julai hakuna mwandishi wa habari, hakuna kura, hakuna wa kumvimbia. Tulikutana wanne kwenye chumba chenye feni moja, jengo la ofisi za kamati ng'ambo ya barabara kutoka jengo la Baraza. Ofisi ya leseni ilileta mama mmoja aliyekuwa na funguo nyingi shingoni. Tukaweka fomu mezani. Tukaipitia kisanduku kwa kisanduku, mikutano mitatu. Kwenye mkutano wa pili yule mama akafika kwenye kisanduku kile kinachotaka jina lifanane herufi kwa herufi na nyaraka zote. Akafungua sheria, akafungua kanuni, akarudi kwenye sheria. Akasema polepole kwamba haoni mahali palipoagizwa hivyo. Hakuna aliyekumbuka kisanduku kiliwekwa lini, wala na nani.

Mzee wa kaskazini alinitazama juu ya miwani yake. Hatukusema kitu. Hicho ndicho nilichojifunza kwa shida zaidi ya vyote: mtu akigundua mwenyewe, usimshangilie.

Novemba 2023 kamati ikapiga kura: 20 kwa 0. Maana yake muswada unakwenda kwenye orodha ya yasiyo na ubishi. Januari 2024 nilikwenda ukumbini na hotuba ya ukurasa mmoja kwenye mkoba, nimeifanyia mazoezi garini. Asubuhi ile kaskazini kulikuwa na theluji, na kwa mara ya kwanza tangu niingie pale niliomba barabara za Coös zisafishwe mapema. Mzee akafika, tope hadi magotini. Spika akataja orodha nzima, miswada mingi kwa pamoja: wanaoafiki waseme ndiyo. Ukumbi ukasema ndiyo. Wasioafiki? Kimya. Haikufika dakika moja. Nilikuwa bado natafuta miwani yangu ya kusomea.

Seneti ikauweka mezani mwezi Mei, maana yake huku ni kuuweka kando bila kuupigia kura, na kikao kilipofungwa ukafa hukohuko mezani. Hakuna aliyeupinga, kwa ninavyojua. Ulikuwa mdogo, na siku zilikuwa zimekwisha. Nililia kidogo kwenye maegesho, kisha nikawahi zamu. Sikugombea tena. Magoti yangu yalikuwa yamechoka, na Mghana wangu alikuwa amepata mtoto. Novemba ile wenzangu walishuka hadi chini ya viti 180, kwa hiyo hata kaunta buku nililomwachia mnadhimu nadhani halikumfaa sana. Lakini Baraza lile lilibadilisha mikono mwaka 2006, 2010, 2012, 2014, 2018 na 2020, basi sitashangaa likitolewa tena kabatini.

Mwishoni mwa mwaka 2024 mpwa wa Mama Furaha, aliyekuwa amemaliza kozi ileile, alinitumia picha kwenye WhatsApp bila maneno. Ilikuwa fomu. Kisanduku kile hakipo. Mahali pake pana mstari: majina mengine uliyowahi kutumia. Chini yake pana nafasi ya kiapo na sahihi. Hakuna sheria iliyoagiza hivyo, hakuna tangazo lililotolewa. Nadhani ni yule mama wa funguo, siku moja tu aliamua. Nilimpigia mzee wa kaskazini kumwambia, akaniuliza kama wameweka nafasi ya kutosha kuandika Marie.

Leseni ya mpwa ilitoka baada ya wiki sita.

Mama Furaha mwenyewe hakuisubiri. Alikuwa ameshakwenda mahakamani tangu mwaka 2022, baada ya muswada wa kwanza kuanguka, akabadilisha jina lake rasmi lifuate kosa la karatasi za kambini, akapata leseni. Sasa tunafanya kazi korido moja. Kitambulisho chake kifuani kimeandikwa jina la baba yake kwa herufi kubwa, na wazee wa vyumba vya mwisho, saa tisa za usiku wakihitaji maji, wanaliita hilo. Naye huitika.